Loki ya Watoto Kwenye Gari la Zamani: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Nairobi

Mlango ulifunguka tukiwa kwenye foleni ya Ngong Road, karibu na Adams Arcade, mvua ikinyunya. Tulikuwa tunasonga polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka mitatu na nusu, aliuvuta mkono wa ndani kama avutavyo droo ya nguo zake. Kitasa kikalia tak, mlango wa nyuma wa kushoto ukaachia wote. Kijana wa boda boda aliyekuwa akipenya kati yetu na ukingo wa barabara alishika breki, na tairi lake la mbele likasimama kama shubiri moja kutoka kwenye mlango. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, chunga mtoto," akatuzunguka, akaenda zake.

Gari lenyewe ni Mercedes 200 ya mwaka 1981, lile umbo la W123, aliloniachia marehemu baba. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili nikilirudisha hali yake: bushi mpya, viti vimeshonwa upya, rangi imepigwa kuanzia boneti hadi buti. Jioni ile nilichukua tochi nikachunguza ubavu wa mlango wa nyuma, ile sehemu inayofichika mlango ukifungwa. Kijiti cha loki ya watoto kilikuwa pale pale kilipowekwa kiwandani, kimegandishwa na rangi. Aliyelipaka hakukifunika kwa karatasi wala hakukisogeza baadaye. Mtoto wangu alikuwa amepanda gari lile miezi minane, na loki iliyotengenezwa kwa ajili yake ilikuwa hatua moja kutoka kwenye kiti chake.

Ninayoyaandika hapa nimeyajifunza tangu jioni hiyo, kwenye gari langu na kwenye magari ya jamaa walioniomba tuangalie yao pamoja. Kazi nyingi unaweza kuifanya mwenyewe uani ukiwa na bisibisi, plaizi na subira. Nyingine ni ya fundi, lakini hata hapo ni lazima ujue unachomwagiza, kwa sababu nimeona milango ya nyuma iliyofanyiwa mambo ya kutisha kwa nia njema kabisa.

Jinsi loki hii inavyofanya kazi

Ndani ya mlango, nyuma ya paneli, kuna kitasa chenye kucha. Mlango ukifungwa, kucha hiyo hukamata kipande cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya gari. Chuma hicho nitakiita kidaka. Kitasa kinapokea amri kutoka pande mbili: mkono wa nje na mkono wa ndani, kila mmoja ukiwa na fimbo yake nyembamba ya chuma au waya wake. Ukivuta mkono wowote, fimbo inasukuma mguu mdogo ndani ya kitasa, kucha inaachia.

Loki ya watoto inafanya jambo moja tu: inaukata mkono wa ndani kutoka kwenye kitasa. Mtoto atavuta, mkono utacheza, lakini hakuna kitakachoachia. Mkono wa nje unaendelea kufungua kama kawaida.

Shika sana hiyo sentensi ya mwisho, maana ndiyo mizani ninayopimia kila ushauri wa fundi. Chochote utakachofanya, mkono wa nje lazima ubaki na uwezo wa kufungua mlango. Gari likipinduka, likishika moto au likiingia mtaroni, mtoto atatolewa na mtu aliye nje, mara nyingi mpita njia asiyelijua gari lako. Atafanya anachofanya kila mtu: atavuta mkono wa mlango. Usiku, kwenye moshi, hatakuwa na muda wa kutafuta komeo.

Usichanganye loki hii na kile kijiti kinachochomoza juu ya mlango karibu na kioo, unachokibonyeza ili mlango ufungwe. Kile kinazuia mtu wa nje asiingie. Mtoto wa miaka mitatu anakivuta juu kwa vidole viwili. Vivyo hivyo mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja, uwe wa umeme au ule wa mvuto wa hewa uliokuja na baadhi ya Mercedes za miaka hiyo: huo nao unaendesha kijiti kile kile. Watu wengi wameniambia gari lao lina loki ya watoto, na walichokuwa wanamaanisha ni hicho.

Anza kwa kutafuta

Fungua mlango wa nyuma wote. Futa ubavu wake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kwa kuwa kwenye gari la miaka arobaini hapo huwa pamejaa vumbi jekundu lililoshikana na grisi kama simenti. Mulika juu na chini ya pale kucha inapotokeza. Unatafuta kimojawapo kati ya vitu vitatu: kijiti kidogo kinachosogea juu na chini ndani ya mfereji, kitufe chenye mkato unaozungushwa kwa ufunguo au ncha ya bisibisi, au tundu lililozibwa kwa kizibo cha mpira, ambacho ukikitoa unaona kijiti ndani.

Loki hii huwekwa kwenye milango ya nyuma pekee, kwa hiyo usipoteze muda kwenye ile ya mbele. Angalia milango yote miwili. Gari lililowahi kugongwa ubavuni linaweza kuwa na kitasa cha asili upande mmoja, na upande wa pili kitasa cha gari la mwaka mwingine kisicho na kijiti.

Kama umekipata, una bahati niliyokuwa nayo mimi. Kama hujakipata, usikimbilie dukani bado.

Mlango wenyewe unashika?

Hatua hii watu huiruka, nami naiona kubwa kuliko loki yenyewe. Loki ya watoto kwenye mlango usioshika ni kama kufuli kwenye lango lisilo na bawaba.

Zamani milango ya magari ilikuwa ikifunguka yenyewe kwenye ajali, na watu wakitupwa nje. Marekani ilianza kutumia kiwango chake cha vitasa na bawaba, nambari 206, mwaka 1968, na moja ya mambo ambayo kiwango hicho kinadai ni kitasa kiwe na hatua mbili za kushika, ili mlango usipofungika barabara, angalau ushikwe na hatua ya kwanza. Kama gari lako ni la kabla ya hapo, hasa la miaka ya 50, usichukulie kwamba kitasa kina nguvu unayoijua kwenye magari ya leo. Vingine vilikuwa ulimi tu, kama ulimi wa kitasa cha mlango wa nyumba.

Fanya majaribio matatu. La kwanza, fungua mlango nusu, ushike chini kwenye kona ya mbali na bawaba, uinue. Ukipanda na kushuka, pini za bawaba zimelika. Mlango wa namna hiyo unaufunga kwa kuuinua kidogo, unazoea bila kujua, na mwisho kucha inakamata kidaka kwa ncha tu. Pini na bushi za bawaba hubadilishwa, na kama hazipatikani fundi wa mashine za kukereza wa Kariobangi Light Industries atakutengenezea ukimpelekea ya zamani.

La pili, mlango ukiwa umefunguliwa, isukume kucha kwa bisibisi kana kwamba imekutana na kidaka. Kwenye kitasa cha hatua mbili utasikia milio miwili, tak ya kwanza na tak ya pili. Ukisikia mmoja tu kwenye kitasa kinachotakiwa kuwa na miwili, au kucha ikirudi ukiisukuma kwa kidole, springi imechoka au meno yamelika. Usikubali kitasa hicho kichomelewe. Moto wa kuchomelea hulegeza chuma kilichokazwa kiwandani, na jino lililojazwa kwa welding litalika upya kwa miezi michache, safari hii bila dalili.

La tatu, chukua karatasi, ifungie kwenye ukingo wa mlango, ivute. Rudia kuzunguka mlango mzima. Pale inapochomoka bila upinzani, mpira haukandamizwi. Na pale mlango unapogoma hadi uubamize, mara nyingi mpira mpya ni mnene kupita kiasi: mipira inayouzwa kwa mita hulazimisha mlango kusimama kwenye tak ya kwanza. Nimeona gari lililotoka kupambwa kwa ajili ya Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri pale Ngong Racecourse, linang'aa kama kioo, na mlango wake wa nyuma umeshikwa na jino moja. Badilisha mpira kwanza. Usisogeze kidaka nje ili kuupa nafasi mpira mbaya.

Kuamsha loki iliyoganda

Kama kijiti kimezibwa na rangi, kama changu, pitisha wembe mpya kuzunguka ukingo wake taratibu, ukikata rangi tu. Kisha chovya kijiti cha pamba cha masikio kwenye thina, ukikamue, ugusie pale pale. Usimimine thina, tone moja likiteremka kwenye mlango litaacha mstari hadi chini.

Halafu nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye mfereji, uache nusu saa. Sogeza kijiti kwa ncha ya bisibisi bapa, milimita moja huku, milimita moja kule. Usikishike kwa plaizi. Ncha za vijiti hivi mara nyingi ni za plastiki iliyozeeka, na ikikatika umebaki na loki usiyoweza kuiwasha wala kuizima. Changu kilichukua jioni mbili. Jioni ya kwanza hakikusogea kabisa. Ya pili, baada ya kunyunyizia tena asubuhi na mchana, kikatoa sauti ndogo kavu na kikashuka. Nilikipandisha na kukishusha mara thelathini, kila mara nikifuta uchafu mweusi uliokuwa unatoka.

Mafuta ya kulegeza kutu si ya kulainisha kwa muda mrefu; hukauka. Ukimaliza, weka grisi nyeupe nyepesi kidogo kwenye kucha na kwenye mfereji wa kijiti. Tafadhali usimruhusu mtu aweke oili chafu ya injini. Ndiyo desturi ya gereji nyingi, na ndiyo inayokusanya vumbi hadi kila kitu kinaganda upya.

Jaribu kabla hujafunga

Hili ndilo ningependa kila mtu alijue, kwa sababu anayelikosea hujikuta na mlango usiofunguka ndani wala nje, na paneli haiwezi kutolewa mlango ukiwa umefungwa bila kuivunja.

Mlango ukiwa wazi, washa loki ya watoto. Isukume kucha kwa bisibisi hadi tak ya pili. Sasa vuta mkono wa ndani: kucha isiachie. Vuta mkono wa nje: kucha iachie papo hapo. Rudia mara kumi. Zima loki, sukuma kucha tena, vuta mkono wa ndani: iachie. Mambo hayo matatu yakitimia kila mara bila kusitasita, ndipo uufunge mlango, na hata hapo kioo kiwe chini na mtu mzima awe amesimama nje. Halafu keti wewe mwenyewe kwenye kiti cha mtoto, ufungiwe, uvute mkono kwa nguvu zako zote. Mtoto akishika kitu hakiachi, nawe usivute kwa adabu.

Gari lisilo na loki kabisa: kitasa kingine

Baadhi ya magari yaliundwa miaka mingi kwa umbo moja, na loki ikaongezwa katikati ya safari. Kwa hiyo kitasa cha gari la miaka ya mwisho ya umbo hilo huenda kikaingia kwenye mlango wa gari la miaka ya mwanzo bila kutoboa chochote. Hapo ndipo safari ya Kirinyaga Road inapoanza, mtaa ambao wengi wetu bado tunauita Grogan.

Fungua kitasa chako uende nacho mkononi. Picha ya simu haitoshi, kwani tofauti huwa kwenye nafasi za skrubu na upande fimbo inakoingilia. Hakikisha umepewa cha nyuma, na cha upande wako. Cha kulia na cha kushoto ni kama viatu. Kijaribu pale pale kaunta: sukuma kucha, hesabu milio, washa kijiti, bonyeza mguu wa ndani na wa nje. Kitetemeshe karibu na sikio. Springi iliyokatika inasikika. Na nunua viwili, vya kushoto na kulia, kwa siku moja kutoka gari moja, ukiweza.

Gari lisilo na loki kabisa: kutenganisha fimbo

Kitasa kisipopatikana, kuna njia ninayoipenda kwa sababu inafanya kile kile loki ya kiwandani inachofanya, haitoboi gari, na inarudishwa kwa dakika ishirini. Unaiondoa fimbo ya mkono wa ndani kutoka kwenye kitasa. Tulifanya hivyo kwenye Datsun ya milango minne ya jirani yangu, ambaye vitasa vyake vya nyuma havikuwa na kijiti chochote, na fundi wa mtaa alikuwa amekataa akisema haiwezekani.

Ondoa kwanza mkono wa kuteremshia kioo. Kwenye magari mengi ya miaka ile umeshikwa na klipu ya waya yenye umbo la kwato la farasi, iliyojificha nyuma yake. Chukua ukanda wa kitambaa kigumu, upitishe kati ya mkono na paneli, uvute ncha mbili kwa zamu kama mtu anayeng'arisha kiatu, na klipu itaruka. Itaruka kweli, kwa hiyo tandika shuka chini. Kwenye mengine ni skrubu, na kwenye Volkswagen Beetle za zamani ni pini ndogo unayoisukuma itoke.

Kisha skrubu za kiegemeo cha mkono, halafu klipu za kuzunguka paneli. Ingiza ubao mwembamba au mwiko wa plastiki karibu kabisa na klipu, si katikati, kwa sababu paneli za zamani ni za karatasi ngumu na zinachanika. Nyuma yake utakuta nailoni iliyogandishwa. Ibandue taratibu na uihifadhi. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kila mara, na hiyo nailoni ndiyo inayoyazuia yasiifikie paneli. Gari lisilo nayo, masika moja tu ya Nairobi, paneli inavimba kama mkate. Kama gari lako lina mirija ya mvuto wa hewa ya kufungia milango, usiivute. Ikipasuka, milango yote minne itakusumbua.

Mulika ndani. Mwombe mtu avute mkono wa ndani polepole huku ukiangalia fimbo ipi inakwenda. Hakikisha si ya kijiti cha juu wala ya mkono wa nje. Ilikoshikana na kitasa kuna klipu ndogo ya plastiki inayoikumbatia. Izungushe itoke kwenye fimbo, kisha chomoa fimbo kwenye tundu. Ikipasuka usiifunge fimbo kwa waya siku ya kuirudisha, tafuta klipu.

Sasa fimbo inaning'inia, na hapo ndipo wengi huharibu. Isipofungwa itagonga bati kila tuta, na mbaya zaidi, inaweza kuingia kwenye njia ya kioo au kusukuma sehemu nyingine ya kitasa. Ivishe kipande cha mpira wa chubu kuukuu, uifunge kwa tai ya plastiki ya nyaya kwenye tundu la bati, mbali na reli ya kioo. Teremsha na upandishe kioo mara tano ukiangalia. Rudia jaribio la bisibisi kama nilivyoeleza. Kwenye baadhi ya magari mkono wa ndani ndio pia unaofunga mlango ukisukumwa mbele. Ukiiondoa fimbo yake, huenda usiweze tena kufunga mlango huo kwa mkono wa ndani. Jua hilo mapema, uamue kama unaweza kuishi nalo.

Bandika karatasi nyuma ya paneli kabla ya kuirudisha, ukiandika tarehe na ulichofanya. Siku utakapouza gari, au fundi mwingine atakapofungua, asidhani mkono umeharibika.

Mambo ya kukataa

Komeo la dirisha lililofungwa kwa skrubu kwenye mlango. Kamba inayounganisha mikono miwili ya nyuma. Mkono wa ndani uliokatwa kwa msumeno. Mkono wa nje uliofungwa "ili wezi wasifungue". Yote haya nimeyaona kwa macho yangu, na yote yanashindwa kwenye mizani ile ile ya mtu aliye nje. Komeo na kamba vina ubaya wa pili: mtoto anaweza kuumizwa navyo gari likisimama ghafla.

Usiondoe pia mkono wa kuteremshia kioo ukautupa ndani ya dashibodi. Kioo cha nyuma kinachoteremka ni mlango wa pili. Kama mtoto anapenda kukichezea, mfundishe, au msogeze katikati ya kiti.

Umeme: niseme machache. Ukitaka kuongeza mota za kufungia milango, kumbuka hazichukui nafasi ya loki ya watoto. Na angalia umeme wa gari lako kwanza. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 60, pamoja na Land Rover na Morris, nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukiunga kifaa cha leo humo bila kujua, utakiunguza, au utaunguza nyaya.

Magari ya milango miwili na Land Rover

Kwenye Beetle, Escort ya milango miwili na mfano wa hayo, mtoto wa nyuma hafikii mlango. Hatari yake ni kiegemeo cha kiti cha mbele kinachokunjika. Ukishika breki ghafla na kiti cha mbele kiko tupu bila ndoano ya kukizuia, kinaangukia mbele, na mtoto aliyesimama nyuma anakwenda nacho. Hakikisha ndoano ya kiti inafanya kazi pande zote mbili. Zisizo nayo, tafuta viti vya miaka ya baadaye ya gari hilo hilo.

Land Rover zenye mabenchi ya nyuma yanayotazamana, ushauri wangu ni mfupi: mtoto asikae huko. Hakuna loki itakayotosha.

Kuishi nayo

Loki ikishafanya kazi, maisha ndani ya gari yanabadilika, na wote wanaolitumia wanapaswa kujua. Mama mkwe wangu aliachwa kiti cha nyuma nje ya kanisa, sote tumeshuka tukisalimiana na watu, naye anavuta mkono. Ilikuwa dakika mbili tu, lakini jua lilikuwa kali na alishikwa na hofu. Tangu siku hiyo kila anayekaa nyuma namwambia kabla ya kuwasha gari: "Mlango huu hufunguliwa kutoka nje. Kioo kinateremka hivi." Na dereva ndiye anayefungua, kuanzia mlango wa upande wa njia ya miguu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimwache mtoto ndani ya gari hata kwa muda wa kununua mkate. Gari lililofungwa juani linapata joto haraka sana, na sasa umemwondolea njia yake ya kutoka.

Halafu kuna suala la wezi, maana hakuna mkazi wa jiji hili asiyelifikiria. Kwenye foleni ya Globe au Haile Selassie Avenue nabonyeza vijiti vyote vya juu, kwa kuwa loki ya watoto haizuii mtu wa nje kufungua. Nikishaingia barabara ya mwendo, navipandisha vya nyuma. Magari ya leo mengi hujifungua yenyewe yakigongwa. Yetu hayajui kufanya hivyo. Nyundo ndogo ya kuvunjia kioo, yenye wembe wa kukatia mkanda, iko kando ya kiti changu, mahali mkono unafika nikiwa nimefungwa mkanda.

Mkanda ndio ulinzi mkubwa, na loki haiwezi kuuchukulia nafasi. Gari lisilo na mikanda nyuma liwekewe kwenye bati lililoimarishwa, si kwenye sakafu tupu. Ukinunua kiti cha mtoto cha mtumba, tafuta lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, na usinunue kilichopasuka popote.

Loki yenyewe naikagua kabla ya kila muhula wa shule: jaribio la bisibisi, tone la grisi, basi. Na kila Jumamosi baada ya gari kuoshwa, kabla watoto hawajapanda, nafungua milango yote miwili ya nyuma na kuangalia vijiti viko wapi. Vijana wa kuoshea magari husugua ubavu wa mlango kwa brashi ngumu, na brashi hiyo inatosha kukirudisha kijiti juu.